Tumechoka Kuuziwa Gemu Mbichi

Wasee, leo sina salamu ndefu. Nina hasira, na nimekaa nayo wiki mbili nzima ndiyo nisije nikaandika ujinga.

Iko hivi. Binamu yangu anatengeneza simu pale mtaani kwetu. Si mtu wa kuchezea pesa. Miezi mitatu alikuwa anaweka kando mia mbili leo, mia tatu kesho, hadi akafikisha karibu Sh8,000 za kununua gemu moja aliyoingojea tangu aone trela yake. Angeweza kwenda kwa wale jamaa wa kukujazia gemu kwa flashi kwa bei ya chipsi. Alikataa. Aliniambia, "Buda, mara hii nataka kulipa. Hata waliotengeneza wanakula wapi?"

Ijumaa usiku akaanza kuipakua. Jumapili asubuhi ndiyo ilimaliza, akaniita. Tukakaa. Gemu ikasema inaandaa sheda, tungoje. Asilimia 4. Tukachemsha chai. Asilimia 19. Tukainywa chai yote. Saa nzima na robo ikaisha tukiangalia mstari unatambaa kama konokono. Ilipofunguka, picha ilikuwa inakwama-kwama kama matatu ya Thika Road iliyoishiwa na mafuta, uso wa shujaa umeyeyuka, na baada ya dakika kumi ikajizima yenyewe. Tukaiwasha. Ikazima. Tukashusha mipangilio yote hadi chini kabisa. Ikazima. Jioni akaomba arudishiwe pesa zake. Jibu likaja: haiwezekani, umecheza zaidi ya saa mbili.

Umecheza? Nani alicheza hapo?

Sitataja gemu wala duka, maana nikitaja mtasema ni kesi ya familia yangu. Na si ya familia yangu. Ni tabia ya biashara hii, na ina historia.

Kwanza tuelewane kitu kimoja, kwa sababu kuna watu watakuja na ile ya "kompyuta ni ngumu, muwaelewe." Nawaelewa. Sheda ni maagizo madogo yanayoiambia kadi ya grafiki jinsi ya kuchora mwanga, kivuli, maji, hata ngozi ya mtu. PS5 ya Kisumu na PS5 ya Tokyo ndani ni kitu kimoja, kwa hivyo mtengenezaji anayapika maagizo hayo huko kwake na wewe unaletewa chapati ya moto. Kompyuta hazifanani. Yangu ina kadi hii, yako ile, ya jirani haina kadi kabisa. Kwa hivyo maagizo lazima yapikwe kwa mashine yako. Unapewa unga na meko, ujipikie. Hiyo si dhambi, ndivyo kompyuta zilivyo. Dhambi ni kunipa unga wenye mawe kisha unanilipisha bei ya chapati.

Sasa historia. Mwaka 2012, Dark Souls ililetwa kwa kompyuta baada ya maelfu ya mashabiki kutia sahihi wakiiomba. Ilipofika, picha ilikuwa imefungiwa kwa kiwango cha chini hata kama skrini yako ni kubwa namna gani, na kuicheza kwa kibodi na mausi ilikuwa adhabu. Nani aliirekebisha? Shabiki mmoja anayejiita Durante. Alitoa programu yake ndogo, bure, muda mfupi baada ya gemu kutoka. Mtu mmoja, kwake nyumbani, bila mshahara. Baadaye alikuja kuanzisha kampuni ya kutengeneza matoleo ya kompyuta, na anastahili. Lakini fikiria hiyo aibu: umelipa kampuni, kazi imefanywa na mteja mwenzako.

Juni 2015 ikaja Batman: Arkham Knight. Toleo la kompyuta lilikuwa limefungiwa fremu 30 kwa sekunde, na hata hizo 30 zilikuwa zinaanguka. Hali ilikuwa mbaya hadi Warner Bros. wakasimamisha mauzo wiki hiyo hiyo. Ilirudi sokoni Oktoba, zaidi ya miezi minne baadaye, na bado watu walilalamika, hadi kampuni ikakubali kurudisha pesa hata kwa waliokuwa wameicheza saa nyingi.

Hapo nataka usimame kidogo. Unajua ni nini kilikuwa kimetokea wiki tatu tu kabla ya Batman kuanguka? Steam walikuwa wameanzisha utaratibu wa kurudisha pesa: siku 14 tangu ununue, na uwe umecheza chini ya saa mbili. Miaka yote kabla ya hapo tulikuwa tunapiga kelele. Kelele hazina uzito kwa mtu ambaye pesa zako tayari ziko mfukoni mwake. Mwezi ambao mteja alipata njia ya kuchukua pesa yake na kwenda, gemu kubwa namna ile ikatolewa rafuni. Sisemi ni hilo peke yake. Nasema nyakati hizo mbili zinafuatana sana, hakuna haja ya kujifanya hatuoni.

Halafu ona. Machi 2023, The Last of Us Part I ikaletwa kwa kompyuta, dola 60, na inataka GB 100 za nafasi. Wachezaji wengi wakaripoti kwamba kuandaa sheda peke yake kulichukua zaidi ya saa nzima kwa mashine zao. Na hiyo saa inahesabiwa. Gemu iko wazi, saa inakimbia. Yaani ile silaha moja tuliyopewa mwaka 2015, zile saa mbili, zinaliwa na mstari wa asilimia kabla hujaona hata mti mmoja. Sidhani mtu alikaa mahali akapanga hivyo. Lakini ukiwa na pesa zangu na saa ikiwa upande wako, utaharakisha kurekebisha kwa sababu gani?

Najua mtakachosema. "Laptopu zenu ni za mtumba kutoka Uingereza, mnataka zicheze gemu za 2023?" Hiyo hoja nimeisikia hadi nimeikariri. Sasa niambie: mwezi mmoja baada ya The Last of Us ikatoka Star Wars Jedi: Survivor, na watu waliokuwa na kadi ya grafiki inayozidi Sh200,000 pia walikuwa wanakwama-kwama. Nao wana laptopu za mtumba? Na Metal Gear Solid V ilitoka Septemba 2015, miezi miwili na kitu baada ya Batman, siku moja kwa konsoli na kompyuta, na ilikuwa inateleza hata kwa mashine za kawaida. God of War ililetwa kwa kompyuta Januari 2022, tena ilitoka konsoli. Watu wakaisifu. Kwa hivyo inawezekana. Ikiwezekana kwa mmoja, kwa mwingine ni uamuzi: tuipike hadi iive, au tuuze sasa hivi?

Na hii ya kutumia udhaifu wa mashine zetu kama kisingizio ndiyo inaniuma zaidi, kwa sababu inagusa gemu ambayo kila ploti ya Nairobi inaicheza. FIFA 21 na FIFA 22 zilipata sura mpya kwa PS5 na Xbox mpya. Sisi wa kompyuta tukapewa ileile ya kizazi cha PS4. EA walieleza kwamba walitazama mashine za mashabiki wao na hawakutaka kuwaacha nje. Sawa, asanteni kwa huruma. Lakini kompyuta si ndiyo kifaa kinachojulikana kwa kuwa na mipangilio? Weka juu, weka chini, kila mtu achague kulingana na mashine yake. Tulingoja hadi FIFA 23 mwaka 2022. Huruma ambayo bado inatoza bei kamili, mimi siijui.

Wengine watasema, "Si watatoa viraka? Ngoja tu." Ndiyo, wanatoa. The Last of Us yenyewe ilirekebishwa na leo ni afadhali sana. Lakini hebu tupige hesabu ya hapa kwetu. Jedi: Survivor inataka GB 155. Kwa intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde, ikienda kasi kamili bila mtu mwingine kuigusa, hiyo ni zaidi ya saa 34. Na wewe unajua kwa ploti hakuna "bila mtu mwingine kuigusa." Mama anaangalia sinema, dogo yuko TikTok, stima inapotea saa mbili usiku. Halafu viraka vinakuja, vingine ni vizito kama gemu nzima. Ukitumia bandozi za simu, kila kiraka unakinunua. Kwa hivyo mtu wa Nairobi analipia gemu mara ya kwanza kwa dola, halafu analipia makosa ya gemu kwa data. Yule aliyefanya kosa halipi kitu.

Na tukitaka kuwa wakweli, kuna mtu mmoja ambaye haya yote hayamsumbui: yule wa flashi. Yeye akipata gemu mbovu, anaifuta, amepoteza bei ya chipsi. Anayechomeka ni binamu yangu, aliyeamua kulipa. Mnatuita wezi, mkituona tumeanza kununua mnatuuzia uji badala ya ugali. Juzi nilimuuliza kama atanunua gemu nyingine. Akacheka tu, akaendelea kubadilisha skrini ya mtu. Huyo ni mteja mmoja mliyempoteza, na mlimpoteza Jumapili moja asubuhi kabla hajabonyeza hata kitufe kimoja cha maana.

Sasa, sitaki kuwa mtu wa kulia tu. Nina mambo manne.

Moja, acheni kununua gemu kabla haijatoka. Faili haiishi kama unga wa bei nafuu dukani. Hakuna foleni. Ngoja wiki mbili, soma waliocheza kwa mashine inayofanana na yako, halafu uamue.

Mbili, ukinunua, linda saa zako mbili kama nauli ya kurudi nyumbani. Usiiwashe halafu uende dukani. Kaa hapo, angalia. Ikifika dakika 90 na bado ni mstari wa asilimia, funga, omba pesa zako, na uandike sababu kwa lugha iliyo wazi.

Tatu, hii ni kwa maduka: muda wa kuandaa sheda usihesabiwe kama muda wa kucheza. Saa ianze mchezaji anapoanza kusonga. Si ombi kubwa. Hoteli haikutozi chakula ukiwa bado umekaa unangojea sahani.

Nne ni yangu mwenyewe, na ya wenzangu tunaotengeneza video. Ile trela iliyomfanya binamu yangu aanze kuweka pesa, unajua aliiona wapi? Kwangu. Nilikuwa nimeiweka na maneno "hii ni moto," na sikuwa nimeicheza hata dakika moja. Hakuna aliyenilipa, nilitaka tu mtazame. Hilo ni kosa langu, na Jumapili ile nilikunywa chai yake nikiwa nalijua. Kuanzia leo sisifu gemu ya kompyuta ambayo sijaicheza kwa mashine yangu hii hii ya mtumba, na nitawaonyesha fremu zake zikianguka au zikisimama. Ukiniona nimerudia, nikumbushe hii.

Wale wa kampuni hawatasoma Kiswahili changu, najua. Lakini hawahitaji kukisoma. Wanasoma hesabu ya mauzo kila asubuhi, na hiyo tunaweza kuiandika sisi.

Gemu ikiwa mbichi, rudisha sahani.