Bibi Naye Apewe Zambarau

Akina mama wapendwa, mwezi huu tunalo tunda ambalo wengi wetu tumewaachia watoto. Msimu wa zambarau ukifika watoto hurudi nyumbani na madoa midomoni na kwenye mashati, nasi tunagomba kwa ajili ya kufua. Bibi aliyekaa barazani hapewi hata moja. Tukipita njia panda hapa Nyakanazi, mama mkwe tunamnunulia soda na biskuti!

Rangi hiyo ya madoa ndiyo wataalamu wanaiita anthosayanini. Imo pia katika forosadi, na katika matunda madogo ya nchi za baridi, bluberi na stroberi. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanawake zaidi ya 16,000 waliotimiza miaka 70 na kupita, wote wauguzi (ndiyo, wenzetu). Waliokula zaidi bluberi na stroberi walichelewa kupungukiwa na kumbukumbu kwa muda unaofikia miaka miwili na nusu. Kiasi chenyewe ni kidogo: nusu kikombe cha bluberi kwa wiki, au cha stroberi mara mbili.

Tuseme kweli, zambarau hazikupimwa katika utafiti ule, na huenda waliokula matunda hayo walikuwa na maisha mazuri kwa jumla. Basi tusiziite dawa. Ni chakula kizuri, tena cha bei ndogo. Zioshe kwa maji safi, usitie sukari, na kama bibi hana meno mtolee kokwa asije akapaliwa. Mwenye kisukari asiache dawa zake eti amesikia unga wa kokwa za zambarau unatibu. Na matunda ya porini msiyoyajua, msiyaguse.

Matunda ni ya kula mapema, kabla kumbukumbu haijapungua. Lakini ikiwa bibi ameshaanza kuuliza jambo moja mara tano, kupotea njia ya kisimani, au kumlaumu mkamwana kwamba ameiba kanga yake? Katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, utafiti uliotolewa mwaka 2013 ulikuta wazee kama 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi wana ugonjwa huo wa kusahau. Ni ugonjwa wa ubongo. Kanda yetu ya Ziwa imewahi kuua vikongwe kwa kuwaita wachawi, wengine kwa macho mekundu tu ya moshi wa kuni. Mama ukisikia minong'ono ya namna hiyo jikoni kwako, ikatishe hapo hapo.

Kisha mpeleke bibi kituo cha afya apimwe shinikizo la damu, kisukari, macho na masikio, maana shinikizo la juu, kisukari na kutosikia vizuri huongeza hatari ya ubongo kudhoofika. Afuatane na mtu anayeishi naye, ili aeleze kusahau huko kulianza lini. Mwenyewe huenda asikumbuke.