Baraza la Chuo Kikuu na Shilingi ya Mkulima

Tarehe 25 Oktoba 1961 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza katika nyumba ya TANU, Mtaa wa Lumumba. Wanafunzi wa sheria hawakufika ishirini. Chama ndicho kilichowapa paa. Basi asituambie mtu kwamba mambo ya chuo hayatuhusu.

Hapa Kibaoni wengi wakisikia Baraza la Chuo hudhani ni wazee wa kukaa viti vya mbele siku ya mahafali. Sivyo hata kidogo. Kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2005, Baraza ndilo lenye kauli kubwa: laidhinisha mipango ya miaka ijayo, lapitisha makadirio ya fedha, laamua sera. Masomo na mitihani ni kazi ya Seneti. Makamu Mkuu wa Chuo huendesha shughuli za kila siku, naye hana budi kujibu mbele ya Baraza.

Lakini mjumbe apokeaye makabrasha asubuhi na kuyapitisha kabla ya chakula cha mchana hasimamii kitu, ameshuhudia tu. Na hesabu zikiandikwa Kiingereza kitupu, mzazi aliyeuza mpunga wake alipe ada atauliza nini?

Twataka taarifa ya fedha kwa Kiswahili, ibandikwe hata ofisi ya kata. Na katika Baraza la chuo cha umma awemo mkulima, walau mmoja. Kuhesabu magunia anajua.