PUMZI KWANZA, MIKONO BAADAYE
Na Mwanachama, Kidato cha Tatu

Ndugu msomaji, wahenga walinena kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Lakini je, utayaoga vipi ikiwa hujui kupumua ndani yake?

Wengi wetu tuliolelewa Embu na Meru hatukufunzwa kuogelea na mwalimu yeyote. Tulifunzwa na mto. Wa Embu wanaujua Rupingazi, wa Meru wanaujua Kathita. Kanuni ya mtoni ni moja tu: vuta pumzi, ibane, kisha piga mikono kama mwenda wazimu hadi ng'ambo. Ukifika wenzako wanashangilia, "Wewe ni samaki!" Samaki gani huyo anayetweta kama mbwa aliyefukuza sungura?

Kwa maoni yangu, kanuni hiyo itatuua. Likizo ya Agosti mwaka jana, binamu yangu, kijana wa kubeba gunia la mahindi peke yake, alilemewa hatua chache tu kutoka ukingoni. Tulimvuta kwa tawi la mti. Mikono yake ilikuwa na nguvu. Kilichomshinda ni pumzi.

Sababu ni hii. Mwili hukuhimiza kupumua hasa kwa kuwa kabonidioksidi imezidi, wala si kwa kuwa oksijeni imekwisha. Anayebana pumzi anajijazia gesi hiyo, na hofu inampanda. Akija kuinua uso, ana kazi mbili kwa wakati mmoja: kutoa hewa kuukuu na kuvuta mpya. Isitoshe, kichwa kikipanda juu, miguu inazama.

Mtindo huru unataka hivi: uso ukiwa majini, toa hewa polepole kwa pua na mdomo, mapovu yasikome. Mwili unapolalia upande, geuza kichwa pamoja nao, sikio moja libaki majini. Vuta hewa upesi, rudisha uso. Waogeleaji wa mita 50 huweza kupumua mara moja tu ama wasipumue kabisa, lakini wa mita 1500 hupumua aghalabu kila baada ya mikono miwili. Ukijaribu kila mikono mitatu, utazoea pande zote mbili.

Najua utasema, "Aa, wewe! Hapa shuleni kidimbwi kiko wapi?" Kweli hakipo, lakini karai tunalo. Lijaze maji, tumbukiza uso, toa mapovu, geuka, vuta hewa. Rudia mara ishirini, mwenzako akiwa kando. Mwalimu wa michezo akitusimamia, darasa zima litajifunza bila kutumia hata shilingi moja.

Naam, karai halimfanyi mtu mwogeleaji. Mito yetu inatoka Mlima Kenya, na baridi yake si mchezo. Ukijitosa ghafla unashtuka na kuvuta pumzi bila kupenda, na ukiwa chini ya maji, unavuta maji. Kwa hivyo usiende mtoni peke yako, na usishindane na mtu kubana pumzi.

Walimu wetu wapendwa, tunafunzwa kukimbia na kurusha mkuki, ambavyo havijamwokoa mtu majini. Tupeni dakika kumi za karai katika kipindi cha michezo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mtoni, wandugu, hata nafasi ya kujenga ukuta hupewi.