Karani anayesahau risiti huenda si mzembe

Baba mmoja kutoka Ntobeye, wilayani Ngara, aliniletea mwanawe wa miaka tisa. Mwalimu amechoka: mtoto hatulii, hamalizi kazi, madaftari yanapotea. Nikiwa katikati ya maswali, baba akanikatiza: "Daktari, huyo unayemweleza ni mimi."

Yeye ni karani wa kupokea kahawa. Msimu ukipamba moto anapima gunia, simu inaita, mkulima wa nyuma anauliza bei, na uzito aliousoma umeshamtoka kichwani. Amepewa barua mbili za onyo kwa "uzembe".

ADHD, yaani hali ya kushindwa kutulia na kuzingatia jambo, hurithiwa sana katika familia, ndiyo maana wazazi wengi hujigundua kupitia watoto wao. Kwetu bado inatajwa kama ugonjwa wa watoto, ingawa makadirio ya kimataifa ni watu wazima wawili hadi watatu kati ya 100. Ukubwani mbio za miguu hupungua. Vurugu hubaki kichwani.

Lakini usijipe jina haraka. ADHD huanza kabla ya miaka 12, na huonekana nyumbani na kazini pia. Kama ulianza kusahau mwaka jana tu, tutafute kwingine: usingizi mchache, sonona, tezi ya shingo, pombe. (Rubisi ya kila jioni nayo huiba kumbukumbu, tusifichane.)

Dawa zipo, ila mwaka 2019 na tena 2021 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walikataa kuingiza methylphenidate, dawa kuu ya hali hii, katika orodha ya dawa muhimu. Usitarajie kuikuta zahanati. Kwa hiyo kwa mfanyakazi wa kawaida, sehemu kubwa ya tiba ni kuipanga upya kazi yenyewe.

Karani wetu sasa anaandika uzito kabla gunia halijashuka kwenye mizani. Simu inakaa kwenye droo. Mbele ya meza anasimama mkulima mmoja tu, na jioni mwenzake anasoma tarakimu kwa sauti huku yeye akihakiki. Hakuna lililogharimu hata shilingi.

Je, umwambie bosi? Mimi naona si lazima utaje jina la ugonjwa; taja unachohitaji: "Naomba maagizo kwa maandishi." Barua za onyo zikianza, hapo ripoti ya daktari ina uzito. Mimi si mwanasheria, lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu, na kanuni za utendaji bora za 2007 zinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi mwongozo na muda wa kujirekebisha kabla ya kumwachisha kwa utendaji duni. Ukiachishwa isivyo haki una siku 30 tu za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mtu mwenye ADHD ndiye hasa atakayeziacha zipite, basi mkabidhi mkeo au kaka yako tarehe hiyo.

Anzia hospitali ya wilaya, uombe rufaa kwa daktari wa afya ya akili. Bugando, Mwanza, wapo. Beba ripoti zako za shule ya msingi kama zipo, na uje na mama, shangazi au yeyote aliyekulea. Maswali mengi nitamuuliza yeye.