Mzigo wa Binyamini na Haki ya Kukata Rufaa

Ndugu Waislamu, katika Suratu Yusuf tunasoma namna kopo la mfalme lilivyotolewa ndani ya mzigo wa Binyamini. Kaka zake hawakuuliza ni nani aliyelitia humo. Walikubali papo hapo kuwa ameiba, wakamsingizia na nduguye. Sisi tunaokijua kisa tunajua kuwa kijana yule hakuwa mwizi.

Tumekikumbuka kisa hiki kwa sababu zipo familia miongoni mwetu ambazo kijana wao amefungwa kwa kosa la dawa za kulevya, ilhali hakuna shahidi aliyemwona akizishika. Kilichomtia hatiani ni ushahidi wa mazingira: zilikutwa katika chumba alicholala na wenzake, au katika begi alilopewa alisafirishe. Tangu siku ya hukumu majirani hunyamaza, na baba huona haya kwenda gerezani kumtazama.

Hatusemi haya kuwatetea wauza unga. Wamewaangamiza vijana wetu, na anayethibitika kutenda anastahili adhabu. Lakini Suratul Maida, aya ya 8, inatuonya kuwa chuki isitutoe katika uadilifu. Sheria nayo imeweka mpaka. Tangu mwaka 1958 iliyokuwa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilikwisha kueleza kuwa ushahidi wa mazingira haumtii mtu hatiani ikiwa yapo maelezo mengine ya kuingia akilini yasiyokuwa ya hatia yake.

Basi rufaa ni mahali pa kuuliza: Je, alijua kilichomo? Ni nani wengine waliokifikia chumba kile? Je, unga uliopimwa na Mkemia Mkuu wa Serikali ndio uliokamatwa, na ulipitia mikononi mwa nani?

Muda haungoji. Kwa Tanzania Bara, aliyehukumiwa na Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi hutoa taarifa ya kusudio la rufaa ndani ya siku 10, na huwasilisha rufaa yenyewe Mahakama Kuu ndani ya siku 45, bila kuhesabu siku za kusubiri nakala za mwenendo wa kesi na hukumu. Aliyehukumiwa na Mahakama Kuu ana siku 30 za kutoa taarifa ya kwenda Mahakama ya Rufani. Mfungwa aweza kupitisha hati zake kwa mkuu wa gereza, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imemfungulia mlango asiye na fedha za wakili.

Inasikitisha kuwa siku hizo chache wengi huzipoteza kwa vishoka wanaoahidi kuzungumza na hakimu. Hiyo ni rushwa, nayo ni haramu. Aidha haiirudishi siku iliyopita.

Nabii Yusuf (a.s.) alifungwa hali hana kosa. Mfalme alipomwita atoke, alikataa mpaka wale wanawake waulizwe na shauri lake lichunguzwe upya. Hakuomba huruma, alitaka ukweli udhihirike. Tusione aibu kuwatakia vijana wetu hilohilo.

Wallahu a'alam.