Mawese, ndagala na haja ya makumbusho Gatete

Anayetaka kuona maisha ya kale ya Warundi huelekezwa Gitega, kwenye Makumbusho ya Taifa yaliyoanzishwa 1955. Gitega ni nchi ya wafalme na ngoma, na ngoma hiyo UNESCO iliitambua kuwa urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2014. Heshima hiyo inastahili. Lakini kusini mwa Burundi, kando ya Ziwa Tanganyika, mvuvi wa Rumonge na mkamuaji mawese wa Gatete ya huko huko wana haki ya kukuta kazi zao zimehifadhiwa pale wanapoishi.

Tuanze na mawese. Mikungu ya mchikichi hukatwa, ikaachwa siku kadhaa hadi chikichi zilegee, kisha zikachemshwa ndani ya pipa. Zamani zilitwangwa kinuni. Baadaye ikaja mashine ya mkono: vijana huizunguka wakisukuma mti mrefu mpaka mafuta mekundu yachuruzike, na makapi yakachochea moto wa pipa linalofuata. Mashine ya injini ikishaingia, ile ya mkono haina pa kwenda ila kwa mnunuzi wa chuma chakavu.

Ziwani ni vivyo hivyo. Ndagala, yaani dagaa, walivutwa kwa mwenge na kuchotwa kwa lusenga, wavu wenye mpini. Ikafuata karabai, na sasa taa za betri. Nani amehifadhi lusenga?

Wapo wanaosema zahanati kwanza, makumbusho baadaye. Hoja yao ni nzito, ndiyo maana jengo la fahari halifai. Kijiji cha Makumbusho cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa 1967, kinafundisha jambo moja: nyumba za udongo na nyasi hudai ukarabati kila mara. Bajeti ya matunzo itangulie sherehe ya uzinduzi. Tena kiwanja kiwe mbali na ufuko, maana mwaka 2024 ziwa lilifurika hadi majumbani Rumonge.

Gumu zaidi ni 1972. Machafuko ya Aprili yalianzia kusini, Rumonge ikiwemo. Watu wengi mno waliuawa, na maelfu wakakimbilia Tanzania. Waliorudi, hasa kuanzia 2008, wengi walikuta michikichi yao mikononi mwa wengine. Makumbusho yatakayoonyesha mashine ya mawese bila kueleza shamba lilikuwa la nani yatakuwa yamewadanganya watoto wa Gatete. Kwa hiyo kazi ya kwanza, kabla ya tofali lolote, ni kurekodi wazee wa pande zote mbili, waliobaki na waliorudi, kila mmoja akieleza shamba lake na mtumbwi wake.