Si Unatungia Nyumbani Tu?

JUA LA UGOGO
Na Neema Chilongani

Kila Aprili, Bunge la bajeti linapoanza, Dodoma hupanda bei. Nyumba za wageni za Area C na Makole zinajaa, chumba kinaongezwa elfu kumi bila hata shuka kubadilishwa, bajaji ya kutoka Uhindini kwenda Kisasa inapata nauli mpya, na mama ntilie naye anapunguza kipande cha samaki kimyakimya. Hatulalamiki sana. Wageni wana posho, na mji huu umeshajua kula na wageni wake. Ila ipo bidhaa moja ambayo haijawahi kuonja msimu huo: kidani cha shanga kilichotungwa na mama aliye nyumbani na watoto wadogo. Hicho, hata Bunge likae mpaka Krismasi, mteja atataka apunguziwe.

Nina jirani hapa Nkuhungu anayetunga. Vidani, bangili, hereni, shanga za kiunoni, na msimu wa sendoff anapokea oda za kamati nzima, akina mama wote wavae hereni za rangi moja. Watoto wake ni wawili. Mmoja ana miaka minne, mwingine ndiyo kwanza ameanza kutembea, umri ule ambao mtoto hana breki. Duka lake ni statasi ya WhatsApp, stoo yake ni droo ya juu ya kabati. Mwezi uliopita nilikuwa nimekaa kwenye mkeka wake alipoingia mteja, mtumishi, kitambulisho cha kazini bado kinaning'inia shingoni, amefuata kidani alichoagiza. Bei walishakubaliana kwenye simu.

"Dada, elfu kumi na tano kweli? Kwa shanga?"

"Ndiyo ile tuliyoongea, dada yangu."

"Jamani, nipunguzie. Si unatungia nyumbani tu? Hulipi fremu, hulipi nini."

Akapewa kwa elfu kumi. Mimi nilinyamaza kwa sababu mteja hakuwa wangu. Leo ni siku ya safu yangu, na nina la kusema kuhusu hiyo "nyumbani tu".

Tuanze na kazi yenyewe, maana wengi wanaovaa hawajawahi kuiona ikifanyika. Kidani cha shanga ndogo, zile zinazolingana na punje ya uwele, kinakwenda kwa hesabu: nyeupe tatu, nyekundu mbili, nyeusi moja, kisha sindano inarudi kupitia ushanga wa mstari wa chini. Ukikosea mmoja, ua zima linapinda, na hutagundua mpaka umeshapanda mistari mitano juu yake. Hapo hakuna dawa ila kufumua. Sasa katikati ya hesabu hiyo weka mtoto anayetaka maji, mwenzake anayetaka uji, kisha yule mdogo agundue kwamba sinia la shanga ukilipiga kofi linatoa mlio mtamu. Nimemkuta jirani yangu uvunguni mwa kitanda na tochi ya simu, anaokota punje moja moja kwa kidole alichokilowanisha mate. Shanga alizipata karibu zote. Alichopoteza ni hesabu: alikuwa amefika mstari wa ngapi?

Halafu kuna hofu. Kila kitu kidogo kinachong'aa, mtoto wa umri ule hukipeleka mdomoni, sikioni au puani. Madaktari wa masikio, pua na koo wanazijua shanga vizuri kuliko masonara. Ushanga ulioingia puani hautolewi kwa njiti ya kiberiti, ni safari ya hospitali, na ukiteremka kwenye njia ya hewa ni habari nyingine kabisa. Kwa hiyo mtungaji mwenye akili timamu hafungui sinia chini wakati watoto wako macho. Anasubiri walale. Saa tatu usiku ndiyo kiwanda kinafunguliwa, chini ya balbu moja ya sebuleni, mpaka macho yakatae. Fremu halipi, ni kweli. Analipa usingizi.

Tufanye hesabu ya kukadiria. Tuseme shanga, uzi wa nailoni na kifungio vimekula elfu nne. Toa makato ya kutolea pesa kwenye simu, toa kifuko cha kufungia, na katika ile elfu kumi imebaki elfu tano na vichenji. Kidani kile kinataka saa sita za mkono uliotulia, na saa sita hizo mama wa watoto wawili huzipata kwa kuunga usiku wa leo, wa kesho na wa keshokutwa. Haifiki elfu moja kwa saa. Nauli ya kufuata shanga Kariakoo, Dar es Salaam, sijaigusa. Treni ya SGR, iliyoanza kuja Dodoma mwaka 2024, imemsaidia kwenda na kurudi siku hiyohiyo, lakini anakwenda na mtoto mgongoni na kurudi na mzigo mkononi.

Mtu ataniambia amtafute dada wa kazi. Sawa. Amri ya kima cha chini cha mshahara ya mwaka 2022 iliweka shilingi 60,000 kwa mwezi kuwa ngazi ya chini kabisa kwa mfanyakazi wa nyumbani. Ilikuwa hela ndogo mno, na walioifanya kazi hiyo walikuwa na haki ya kulalamika. Lakini hata hiyo, kwa faida ya elfu tano, ingetaka vidani kumi na viwili vya bei ya kupunguziwa, na hapo unga haujanunuliwa. Ninachotaka msomaji aone ni kwamba serikali yenyewe imeandika kwenye karatasi kuwa kulea mtoto wa mtu ni kazi yenye ujira. Inakuwaje kazi hiyohiyo ikifanywa na mama mwenyewe, huku ana sindano mkononi, igeuke kuwa sababu ya kumpunguza bei?

Na yule mteja mwenye kitambulisho shingoni, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, 100 akijifungua mapacha. Mumewe naye ana siku tatu, ambazo kwa kawaida huishia kwenye kutafuta kuku wa supu. Simwonei wivu, likizo hiyo ilipiganiwa. Ila jirani yangu alipojifungua wa pili, oda ya sendoff iliyokuwa mezani haikuulizia afya ya mzazi. Iliulizia hereni.

Kubembeleza wateja hivi si desturi ya hapa: zamani wenyeji wa uwanda huu hawakuwa na tabia ya kutoa bure. Karne ya 19, misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikuwa lazima ikatishe Ugogo, nchi kavu, visima vya kuhesabu. Watemi wakatoza hongo, yaani ushuru wa kupita, na hongo ililipwa kwa vitambaa, waya na shanga. Msafiri Mzungu Burton alipita mwaka 1857, mwenzake Stanley mwaka 1871, na wote wawili wamejaza kurasa kwa kunung'unika. Stanley ameandika jambo ambalo kila mtungaji wa Dodoma angelifurahia: kwamba kila nchi ilikuwa na shanga zake, ukikosea rangi umekwama, na kwamba shanga nyeusi zilipokelewa Ugogo kama fedha huku makabila mengine hayazitaki hata kuziona. Mtemi hakumuuliza mgeni shanga zimemgharimu kiasi gani huko Ulaya zilikochomwa. Alitoza maji, alitoza njia, alitoza usiku mmoja wa kulala bila kuvamiwa. Mgeni alilia, akalipa, akaenda zake.

Miaka 150 baadaye wageni wamerudi, safari hii kwa V8 na semina, na shanga bado zinatoka mbali: nzuri zaidi Jablonec, Jamhuri ya Cheki, wanakotoa hata wale Wamaasai tunaowasifia, na za bei nafuu China, ambazo hazilingani ukubwa na nyingine zinachuja rangi kwa jasho. Kilichogeuka ni kwamba sasa mwenyeji ndiye anayebembeleza.

Na hapa lazima niwageukie watungaji wenyewe, maana mteja hapunguziwi na mtu mmoja tu. Nimo kwenye makundi mawili ya akina mama wajasiriamali wa mjini hapa. Mmoja akiweka picha ya bangili kwa elfu nane, haipiti jioni mwingine ameweka ileile kwa saba, na wa tatu kwa sita "ofa ya leo tu", ofa ambayo mwezi wa tatu huu haijaisha. Wanaibiana wateja, na wote watatu wanakesha. Ukiwauliza uzi umegharimu kiasi gani wanakutajia mpaka senti. Ukiwauliza bangili imechukua muda gani, wanacheka. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari ninalolisema si la uzi peke yake. Andika umeanza saa ngapi, umeamshwa mara ngapi, umemaliza lini. Wiki mbili tu za kuandika hivyo zitakufanya uone haya kutaja elfu sita.

Daftari hilo lina faida nyingine. Mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake kwa mwaka hayazidi shilingi milioni 4 hatozwi kodi ya mapato. Ni wastani wa laki tatu na thelathini na kitu kwa mwezi. Watungaji wengi ninaowajua wako chini ya hapo lakini wanaogopa hata kutundika kibao mlangoni, kwa kuwa hawana maandishi ya kumwonyesha yeyote.

Tuje kwenye mikopo. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu. Aprili 2023 ilisimamishwa baada ya kelele za vikundi hewa na fedha zisizorejeshwa. Iliporudi mwaka 2024, Jiji la Dodoma liliwekwa miongoni mwa halmashauri 10 za kujaribu kuitoa kupitia benki. Naiunga mkono kwa mikono miwili. Mama asipoipata hiyo, anakwenda kwa wakopeshaji wa kausha damu, na huko tunajua godoro hutoka ndani saa ngapi.

Lakini ninachoona vikundi vikiomba ni mtaji wa vifaa. Katoni za shanga, roli za uzi, mashine. Sijawahi kukutana na kikundi cha watungaji kilichoomba hela ya chumba na mlezi. Wakati kinachomkwamisha jirani yangu si shanga, shanga anazo droo nzima! Kinachomkwamisha ni saa tano za mchana ambazo hana. Waswahili walishasema mkono mmoja haulei mwana. Huyu anayo miwili, ila yote imo kwenye uzi.

Chukua watungaji watano wa mtaa mmoja, watoto wao kama kumi. Chumba kimoja cha kupanga, mkeka, maji safi, choo cha karibu, mlezi mmoja anayelipwa na mwingine wa zamu kutoka miongoni mwao. Saa mbili asubuhi mpaka saa saba mchana, basi. Mama anatunga kwenye mwanga wa jua, ushanga hauingii pua ya mtu, usiku analala kama watumishi wenzake wa taifa hili. Ile Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto ilizinduliwa hapahapa Dodoma, Desemba 2021, na inahusu watoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane, yaani hawa hawa wa mkekani. Sioni kwa nini dawati la mikopo na dawati la malezi yasiandike ombi moja. Mlezi aingizwe kwenye mchanganuo wa biashara kama anavyoingizwa fundi. Wateja nao wakisikia bei imepanda kwa sababu hiyo, wanaotaka cha elfu mbili kilichotoka kiwandani wakanunue, kipo tele Majengo sokoni, na siwalaumu. Anayetaka kidani cha rangi ya kitenge chake na kipimo cha shingo yake alipe cha mkono.

Nilimpelekea jirani yangu wazo hilo juzi, nikidhani atashangilia. Akaendelea kupitisha uzi kwanza. Kisha akaniuliza nani atashika ufunguo, mtoto mmoja akipata surua wengine watakwenda wapi, na mama asiyetoa mchango miezi miwili mwanawe atafukuzwa na nani, kwa mdomo upi. Sikuwa na jibu hata moja. Tumekubaliana maswali hayo yaende kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, yaandikwe kwenye katiba ya kikundi kabla hawajajaza fomu ya mkopo, na yeye ndiye aliyeanza kutafuta wanne wa kumuunga mkono. Mpaka jana amempata mmoja, yule wa ofa ya elfu sita.